Jina Kuwa Ufunguo: Historia ya Orodha Kunjuzi Tegemezi katika Lahajedwali na Athari Zake kwa Majina ya Mahali ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Orodha kunjuzi tegemezi ni orodha ambayo yaliyomo hubadilika kulingana na chaguo lililofanywa katika orodha iliyoitangulia: anayechagua mkoa huonyeshwa wilaya za mkoa huo tu. Makala haya yanafuatilia historia ya mbinu hiyo, kuanzia kadi zilizotobolewa za karne ya 19 hadi lahajedwali za leo, na kuihusisha na uandishi wa majina ya mahali katika Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba mbinu iliyoenea zaidi iliunganisha kazi mbili zilizokuwa zimetenganishwa tangu zama za kadi: kazi ya jina la kusomwa na mtu, na kazi ya ufunguo wa kutumiwa na mashine. Muunganiko huo uliyafanya majina halali kama Murang'a, Taita/Taveta na Kusini Pemba yaonekane kuwa makosa. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo matatu yanayohusu utunzaji wa orodha rasmi za maeneo ya utawala.

1.0 Utangulizi

Fomu ya kuandikisha wagonjwa au wanafunzi haikosi maswali mawili: mkoa gani, na wilaya gani. Nchini Kenya huulizwa kaunti na kaunti ndogo. Katika fomu ya karatasi karani aliandika jibu kwa mkono, na aliyekuja baadaye akajitahidi kuusoma mwandiko huo. Katika lahajedwali karani hubofya seli, orodha ikakunjuka, naye akachagua. Akishachagua mkoa, seli ya pili humwonyesha wilaya za mkoa huo peke yake. Orodha ya kwanza ni mzazi. Ya pili ni tegemezi.

Faida ya mpangilio huu haina ubishi, kwa kuwa majina ya mahali hurudiwarudiwa. Kuna Chang'ombe ya Temeke jijini Dar es Salaam, na kuna Chang'ombe ya Dodoma. Jina la kata bila jina la mzazi wake halitoshi kumfikisha mtu popote. Orodha tegemezi humwondolea karani mzigo wa kukumbuka kata ipi ni ya wilaya ipi, na hupunguza tofauti za tahajia kati ya karani mmoja na mwingine.

Hata hivyo, orodha ya aina hii pia ni amri. Kisichokuwamo hakiandikiki. Kilichoandikwa ndani yake kwa tahajia mbovu kitaenea kwa tahajia hiyo katika kila taarifa itakayotokana nayo, na kwa kuwa hakuna anayekiandika upya kwa mkono, hakuna anayepata nafasi ya kukisahihisha. Kwa sababu hiyo, namna orodha tegemezi zilivyobuniwa, na masharti zilizoyarithi, ni suala la historia ya lugha na la sera kwa kadiri ile ile ambayo ni suala la ufundi.

2.0 Kabla ya lahajedwali: kadi na kitabu cha misimbo

Tatizo la kuingiza mahali ndani ya mashine lilikuwapo kabla ya kompyuta. Sensa ya Marekani ya mwaka 1890 ilitumia mashine za Herman Hollerith, zilizohesabu matundu yaliyotobolewa kwenye kadi. Tundu halina herufi. Jina la mahali lilipaswa kwanza kugeuzwa namba. Hata kadi ya IBM ya mwaka 1928, yenye safu 80, ilikuwa na nafasi finyu mno kiasi kwamba kuandika majina kamili kwa kila mtu kungekuwa ubadhirifu.

Kutokana na ufinyu huo ulizaliwa utaratibu wa kitabu cha misimbo. Upande mmoja wa ukurasa palikuwa na namba, upande wa pili palikuwa na jina. Namba za eneo ziliandikwa kwa ngazi: tarakimu za mwanzo zilitaja eneo kubwa, zilizofuata zikataja eneo lililo ndani yake. Huo ndio utegemezi wenyewe, ingawa haukuwa na orodha ya kukunjua. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba jina halikubeba mzigo wowote wa mashine. Liliweza kuwa na maneno matatu, kistari au ritifaa, bila kuathiri hesabu, kwa sababu mashine haikuliona kamwe.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama zake. Ulihitaji watu waliofunzwa kugeuza majina kuwa namba, na kosa la tarakimu moja lilimhamisha mtu kutoka wilaya moja hadi nyingine bila yeyote kushtuka. Tamaa ya kuondokana na kitabu cha misimbo ilikuwa na sababu zake.

3.0 Kutoka VisiCalc hadi mwaka 1997

Lahajedwali ya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc, iliyobuniwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kuuzwa kuanzia mwaka 1979. Ilikusudiwa hesabu za fedha: kubadilisha namba moja na kuona jumla zote zikibadilika. Mwaka 1983 ilitoka Lotus 1-2-3, kazi ya Mitch Kapor na Jonathan Sachs. Programu hiyo iliwazoesha watumiaji kuyapa majina maeneo ya lahajedwali, ili fomula itaje neno lenye maana badala ya anwani za seli. Excel ya Microsoft ilifuata mwaka 1985 katika kompyuta za Macintosh, na mwaka 1987 katika Windows.

Jina la eneo lilikuwa zana ya mwandishi wa fomula. Lilitungwa na mtu aliyeyafahamu masharti yake, na masharti hayo yalifanana na yale ya lugha za kuandikia programu. Katika Excel jina lilipaswa kuanza kwa herufi, kistari cha chini au mkwaju wa nyuma. Halikuruhusiwa kuwa na nafasi, ritifaa, kistari cha kuunganisha wala mkwaju wa kawaida. Wala halikuruhusiwa kufanana na anwani ya seli. Kwa mhasibu anayetaja eneo lake Mauzo au Kodi, masharti hayo hayakuwa kero.

Mwaka 1997 toleo la Excel 97 lilileta zana ya uthibitishaji wa data. Kwa mara ya kwanza seli iliweza kukataa jibu lisilo katika orodha, na kumwonyesha mtumiaji orodha hiyo kwa kukunjuka. Zana hiyo ilitoa orodha moja kwa seli. Haikuwa na kitufe cha kuitegemeza orodha moja kwa nyingine. Utegemezi ulitengenezwa na watumiaji wenyewe kwa kuunganisha vitu viwili vilivyokwisha kuwapo: majina ya maeneo, na fomula ya INDIRECT, ambayo husoma maandishi na kuyageuza kuwa anwani.

4.0 Jina linapogeuzwa ufunguo

Mbinu yenyewe ni fupi. Wilaya za Tanga huorodheshwa mahali fulani katika lahajedwali, na eneo hilo hupewa jina Tanga. Vivyo hivyo kwa Iringa na Mwanza. Katika seli B2 karani huchagua mkoa. Katika seli inayofuata, chanzo cha orodha huandikwa =INDIRECT(B2). Ikiwa B2 ina neno Tanga, fomula hulichukua neno hilo, hulitafuta eneo lenye jina hilo, na kurudisha wilaya zake. Mbinu hii ilifaa pia kwa sababu nyingine: hadi toleo la mwaka 2007, orodha ya uthibitishaji haikuweza kurejelea moja kwa moja laha nyingine, ila kwa kupitia eneo lililopewa jina.

Hapo ndipo historia ilipogeuka. Neno lililosomwa na karani lilikuwa sasa ndilo neno linaloifungulia mashine mlango. Jina la mkoa lilipaswa kutimiza masharti ya jina la fomula, ingawa waliouita mkoa huo hawakuyajua masharti hayo, wala hawakuwa na haja ya kuyajua.

Uzito wa jambo hili huonekana majina rasmi yanapopimwa moja baada ya jingine. Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 lina kaunti 47. Majina 10 kati ya hayo hayawezi kuwa jina la eneo jinsi yalivyo. Sita yana nafasi: Tana River, West Pokot, Trans Nzoia, Uasin Gishu, Homa Bay na Nairobi City. Mawili yana mkwaju: Taita/Taveta na Elgeyo/Marakwet. Moja lina kistari: Tharaka-Nithi. Moja lina ritifaa: Murang'a.

Tanzania hutoa picha ya aina nyingine. Kati ya mikoa 26 ya Tanzania Bara, mmoja tu ndio unaokataliwa, nao ni Dar es Salaam. Kati ya mikoa mitano ya Zanzibar, yote mitano hukataliwa: Kaskazini Unguja, Kusini Unguja, Mjini Magharibi, Kaskazini Pemba na Kusini Pemba. Hakuna aliyekusudia kuwabagua Wazanzibari. Sharti lililowekwa kwa ajili ya waandishi wa fomula liliangukia desturi ya kutaja mahali kwa upande na kisiwa, na matokeo yake ni kwamba anayejaribu mbinu hii kwa mikoa ya Bara hufanikiwa karibu kote, ilhali anayeijaribu kwa mikoa ya Zanzibar hushindwa tangu mstari wa kwanza.

Tatizo la pili hutokea katika ngazi ya tatu. Jina la eneo hutakiwa liwe la pekee. Mkoa wa Songwe una Wilaya ya Songwe ndani yake. Mkoa wa Tanga una Wilaya ya Tanga. Jina Songwe likishatumiwa kwa orodha ya wilaya, haliwezi kutumiwa tena kwa orodha ya kata. Binadamu hutofautisha mkoa na wilaya kwa muktadha. Ufunguo hauna muktadha.

Watumiaji walijibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuficha marekebisho ndani ya fomula, kwa mfano =INDIRECT(SUBSTITUTE(B2," ","_")), ambayo hubadilisha kila nafasi kuwa kistari cha chini kabla ya kulitafuta eneo. Kwa Taita/Taveta na Murang'a fomula hulazimika kuongezewa hatua nyingine, na kila hatua huifanya iwe ngumu kwa atakayeirithi. Njia ya pili ilikuwa rahisi zaidi: kulibadilisha jina lenyewe katika orodha mzazi. Karani huona Dar_es_Salaam au Muranga, naye huchagua hivyo hivyo. Njia ya kwanza humchosha fundi. Njia ya pili huiachia kumbukumbu rasmi jina ambalo si rasmi.

5.0 Ritifaa

Kwa mtafiti wa Kiswahili, alama yenye historia nzito kuliko zote katika orodha hizo ni ritifaa. Tahajia sanifu, iliyosimamiwa na kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, huandika king'ong'o cha kaakaa laini kwa ng'. Ritifaa hapo si pambo wala alama ya herufi iliyoachwa. Ni sehemu ya herufi. Ng'oa ni kitendo cha kutoa kitu kilichojikita. Ngoa ni wivu au tamaa. Tahajia za lugha nyingine za eneo hili, ikiwemo Kikuyu, huitumia alama hiyo hiyo kwa sauti hiyo hiyo, na ndiyo sababu ipo katika jina Murang'a.

Lahajedwali ilikuwa tayari imeipa alama hiyo kazi nyingine. Katika Lotus 1-2-3 ritifaa mwanzoni mwa seli ilimaanisha kwamba kinachofuata ni maandishi, tena yapangwe kushoto. Excel iliendeleza matumizi hayo, na huitumia pia kuzungushia jina la laha lenye nafasi. Alama moja ikawa na mabwana wawili: tahajia na fomula.

Kompyuta iliongeza utata wa tatu. Kibodi hutoa ritifaa iliyonyooka. Programu za kuandikia, kwa mpangilio wake wa kawaida, huigeuza kuwa ritifaa iliyopinda. Machoni pa msomaji ni alama moja. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Orodha iliyonakiliwa kutoka hati rasmi na orodha iliyochapwa moja kwa moja katika lahajedwali zinaweza kuwa na Murang'a mbili ambazo haziungani. Ikiongezwa ile isiyo na ritifaa kabisa, kaunti moja huwa na sura tatu. Mwenye kujumlisha idadi ya shule au zahanati kwa kaunti atapata mistari mitatu pale ilipostahili mmoja, na kila mstari ukiwa pungufu.

Katika enzi ya ukoloni mji wa Murang'a uliitwa Fort Hall. Kurejeshwa kwa jina la wenyeji kulikuwa sehemu ya uhuru wenyewe. Kuliondolea jina hilo herufi moja kwa sababu ya sharti la programu ni jambo dogo kwa fundi, lakini kwa nchi iliyolirejesha si dogo kiasi hicho.

6.0 Tafsiri ya menyu na mipaka yake

Juhudi za kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili zilipata ushindi mkubwa mwaka 2004, ilipotolewa Jambo OpenOffice, matunda ya mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Seti hiyo ya programu ilikuwa na lahajedwali ndani yake. Maneno ya menyu, maonyo na maelekezo yaliandikwa kwa Kiswahili. Katika miaka iliyofuata istilahi kama lahajedwali, seli na menyu kunjuzi ziliingia katika matumizi, na leo hazimshangazi mwanafunzi wa sekondari.

Lakini tafsiri hugusa kile programu inachomwambia mtu. Haigusi kile mtu anachoruhusiwa kuiambia programu. Sharti la kukataza nafasi katika jina la eneo lilibaki vile vile ndani ya menyu ya Kiswahili, na mtumiaji aliyeandika Kusini Unguja alikataliwa kwa lugha yake mwenyewe. Mjadala wa ujanibishaji katika ukanda huu umejikita zaidi katika istilahi. Historia ya orodha tegemezi inaonyesha kwamba kuna tabaka la chini ya istilahi, yaani masharti ya herufi na majina, ambalo nalo linahitaji wataalamu wa lugha.

7.0 Orodha na ramani inayobadilika

Orodha tegemezi hubeba tarehe hata kama haikuandikwa. Mwaka 2006 Rwanda iliacha mikoa 12 ikawa na minne pamoja na Jiji la Kigali, na wilaya zikawa 30. Tanzania iliunda mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016. Kaunti za Kenya zilianza kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, zikachukua nafasi ya mikoa minane. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoka majimbo 11 hadi 26 mwaka 2015. Burundi, kwa sheria ya mwaka 2023 iliyoanza kutekelezwa mwaka 2025, ilishuka kutoka mikoa 18 hadi mitano.

Kila badiliko hulazimisha orodha kupangwa upya. Mbozi, iliyokuwa chini ya Mbeya, sasa iko chini ya Songwe. Kumbukumbu ya mwaka 2014 inayosema Mbeya, kisha Mbozi, ilikuwa sahihi siku ilipoandikwa. Ikiingizwa leo katika orodha mpya itaonekana kuwa kosa, na anayeisahihisha atakuwa ameibadilisha historia bila kujua. Kinyume chake, ofisi inayoendelea kutumia faili ya zamani itaendelea kuihesabu Mbozi ndani ya Mbeya, na lahajedwali haitatoa onyo lolote.

Kuna udhaifu mwingine ambao watunga sera hawapaswi kuupuuza. Uthibitishaji hukagua jibu wakati wa kuandikwa tu. Karani akichagua Mbeya na wilaya yake, kisha akarudi nyuma na kubadilisha mkoa kuwa Iringa, wilaya ya Mbeya hubaki mahali pake. Data iliyobandikwa kutoka faili nyingine hupita bila kukaguliwa, na mara nyingi hufuta hata sharti lenyewe. Kuwapo kwa orodha kunjuzi si ushahidi kwamba data ni safi.

8.0 Kurudi kwa msimbo

Njia ya kutoka imekuwa, kwa kiasi kikubwa, kurudi kwenye kitabu cha misimbo. Kurudi huko kuna mtego. Baadhi ya watumiaji hutia misimbo ndani ya mbinu ile ile ya majina ya maeneo. Arusha katika kiwango cha kimataifa cha ISO ni TZ-01. Kistari kikiondolewa hubaki TZ01. Excel 2007 ilipoongeza safu kutoka 256 hadi 16,384, TZ ikawa safu halali, na TZ01 ikasomwa kama anwani ya seli. Majina ya namna hiyo katika faili za zamani yaliongezewa kistari cha chini wakati wa kugeuzwa, ilhali maandishi yaliyosomwa na INDIRECT hayakubadilishwa. Orodha zilizofanya kazi kwa miaka zikanyamaza.

Mbinu salama huacha kabisa kutumia majina ya maeneo. Maeneo yote huwekwa katika jedwali moja refu: safu moja ya msimbo, nyingine ya jina, nyingine ya msimbo wa mzazi. Orodha tegemezi huchuja jedwali hilo kwa msimbo wa mzazi. Fomula za kuchuja zilizotangazwa kwa Excel mwaka 2018 zimeifanya kazi hiyo kuwa nyepesi, na katika matoleo ya zamani hutekelezwa kwa fomula za kutafuta nafasi ya mstari.

Mfumo wa kukusanya data wa ODK, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008 na kutumiwa mapema nchini Kenya na Uganda, unatoa mfano bora. Fomu zake zinaweza kuandaliwa katika lahajedwali ambamo kila chaguo lina safu ya ufunguo na safu ya maandishi ya kusomwa, na maandishi hayo huweza kuandikwa kwa lugha kadhaa. Ufunguo hubaki mfupi na mkavu. Maandishi huweza kuwa Murang'a, pamoja na ritifaa yake, au Kaskazini Pemba, pamoja na nafasi yake. Ni kitabu cha misimbo cha zama za kadi, isipokuwa sasa karani hahitaji kukifungua.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa ina vipindi vitatu. Kadi ilitenganisha jina na ufunguo kwa sababu ya ufinyu. Lahajedwali iliviunganisha kwa sababu ya wepesi. Mifumo ya sasa inavitenganisha tena kwa sababu muunganiko uliharibu majina na hesabu kwa pamoja. Mapendekezo matatu yanatokana na historia hiyo.

Kwanza, kila mamlaka inayotoa orodha rasmi ya maeneo ya utawala iitoe kama jedwali lenye msimbo, jina kamili, msimbo wa mzazi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma. Msimbo utajwe ni wa mfumo upi, kwa kuwa Murang'a ni namba 21 katika Katiba ya Kenya na 29 katika orodha ya ISO.

Pili, vyombo vinavyosimamia Kiswahili, vikiwemo BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vikubaliane ni herufi ipi ya kompyuta itumike kwa ritifaa ya ng' katika data za umma. Uamuzi huo hauhitaji fedha nyingi, na faida yake itaonekana mara tu orodha za ofisi mbili zitakapounganishwa.

Tatu, mafunzo ya lahajedwali kwa watumishi wa umma yaanze na jedwali la misimbo badala ya mbinu ya majina ya maeneo. Anayefunzwa kwa mifano ya Tanga na Iringa hatajua kwamba amefunzwa nusu, hadi siku atakapopewa faili ya Pemba.